Sahani ya Mafua

Wiki hii nyumba yangu ya Chukwani imeingia mafua, na mimi nimechoka. Kutwa nafuta pua za watoto na vitasa vya milango, navaa barakoa ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Jana nilimtengea mwanangu mdogo chakula chake mbali na wenzake, akalia akaniuliza amekosa nini. Nikaenda kukaa jikoni peke yangu, nikamkumbuka bibi.

Tuliishi Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, watu tisa kwenye sinia moja. Kipupwe kikiingia, bibi aligeuka askari. Birika la kunawia lilizungushwa pamoja na kipande cha sabuni, kila mkono ukasuguliwa hadi kifundoni, na aliyelowesha ncha za vidole tu alirudishwa mwanzo. Kata ya mtungi ilikuwa ya kuchotea, si ya kunywea. Ukikohoa, uzibe mdomo kwa kanga, kisha kanga iende kufuliwa. Jioni tulifukizwa mchaichai na mkaratusi chini ya shuka, mmoja mmoja, macho yakituchonyota, halafu tukanyweshwa uji wa pilipili manga.

Lakini amri kubwa kuliko zote ilikuwa sahani ya mafua. Ilikuwa sahani ya bati, na mwenye mafua alipakuliwa humo akala dirishani, peke yake, mpaka apone. Bibi hakuiona kuwa adhabu. Kwetu sisi watoto ilikuwa adhabu hasa, maana katika nyumba ile aliyekula peke yake ni aliyesusa au aliyegombana na watu. Wali ulikuwa uleule na mchuzi uleule, ila haukupita kooni.

Mimi nilikuwa na sababu zaidi. Babu, ambaye alikuwa na pumu ya miaka mingi, alinikalisha ubavuni pake kila mlo. Aliniita mke wangu, kwa ule utani wa babu na mjukuu, na bibi akaniita mke mwenzangu, akijifanya ana wivu. Babu alimchambua samaki, akatoa miiba, akanisogezea minofu upande wangu wa sinia. Nafasi ile sikutaka kumwachia mtu.

Basi nilipokuwa na miaka minane niliamka siku moja na mafua, nikayaficha. Nilipenga pua chooni. Kwenye sinia nilijizuia kupiga chafya mpaka masikio yakaziba. Siku tatu nilikula na babu, vidole vyangu na vyake kwenye minofu ileile. Siku ya nne hakutoka chumbani. Kifua kilimbana, wanaume wanne wakamshusha kwa kiti kwenye zile ngazi nyembamba, akapelekwa hospitali. Alirudi, lakini pumzi haikurudi yote. Hakushuka tena kwenda msikitini, na kabla ya kipupwe kingine tulikuwa tumeshamzika.

Nilinyamaza miaka ishirini. Nilikuja kumwambia bibi akiwa mtu wa kitandani, mimi nikimlisha kwa kijiko. Nilimweleza yote, chafya na chooni na siku tatu zile, nikangoja alie au anifukuze. Akameza kwanza.

"Nlijua, mke mwenzangu," akasema. "Nshaichukua sahani nikupakulie, babu'ako akanishika mkono. Akanambia, mwache akae hapa, kifua changu nnakijua mwenyewe, siku zangu za kula na huyu si nyingi."

Akageuzia uso ukutani.

"Na mie nikamsikiliza."

Kumbe miaka yote ile, huku mimi nikijilaumu kimyakimya, naye alikuwa akijilaumu chumba cha pili. Nilimfuta mdomo, nikachota kijiko kingine, naye akala.

Bibi naye ameshatangulia, na nyumba ile wanakaa watu wengine. Hakuna aliyebaki wa kunambia kosa lilikuwa langu, lake, au la babu, na kulipima nimechoka. Bibi alikuwa na haki kuhusu sahani ile, hilo sibishani nalo, na wanangu nawatenga kama alivyotaka nitengwe. Ila tangu babu, sijapata tena mtu aliyejua nina mafua akanisogezea minofu.