Mboga ya Saga Niliyowamwagia Kuku

Jikoni siku hiyo tulikuwa wanne, na wote nawakumbuka kwa majina. Mimi Mmboga, binti kutoka Mukumu niliyeolewa Kabras. Mama mkwe wangu Rasoa, aliyemzaa mume wangu Lumbasi. Wifi yangu Ayuma, dada mdogo wa Lumbasi. Na mtoto wangu wa kwanza, Shikuku, mgongoni, bado ananyonya. Lumbasi mwenyewe alikuwa amekwenda kukata miwa mbali, analala huko huko, mpaka Jumamosi.

Mwanangu, nakuandikia kwa sababu ulinipigia simu kutoka chuoni Sigalagala, ukasema pesa ya chakula imekwisha na wiki bado iko katikati. Sikucheka. Hata mimi ilinipata.

Kwetu msichana akiolewa hupika kwanza kwa mama mkwe. Siku akiwekewa mafiga yake, ndipo anaitwa mwenye nyumba. Mimi niliwekewa yangu Jumapili, na Jumatatu Lumbasi akaniachia pesa kidogo ya wiki nzima. Akili ikanitoka. Nilitaka harufu ya jiko langu ifike mpaka kwa Rasoa! Nikanunua nyama, mkate, sukari na mafuta ya kupima. Unga nikanunua mwisho, kwa kile kilichobaki. Nyama nikaikaanga mlango ukiwa wazi. Siku mbili nilikula kama mtu aliyealikwa harusi.

Jumatano asubuhi nilikuwa na chumvi, na unga usiofika nusu ya mkebe. Ayuma akaniletea saga aliyochuma shambani. Nikaichemsha haraka haraka, nikaonja, nikatema. Chungu kama dawa. Kwa mama yangu mimi nilikuwanga wa kuchota maji. Mapishi nilimwachia dada yangu Khasandi, na kwa Rasoa mboga chungu alizipika mwenyewe. Basi ile saga yote nikaimwaga nyuma ya nyumba.

Maziwa ya kifuani yalikuwa yameanza kupungua, na Shikuku analia. Nikaona afadhali nirudi kwetu. Nilijua vizuri kwamba mke akiacha mafiga yake wiki ya kwanza, jina lake limeharibika pande zote mbili, na pengine hatarudishwa. Na bado nikafunga nguo kwenye leso.

Rasoa akaingia bila hodi, Ayuma nyuma yake.

"Unasafiri, bibi ya Lumbasi?"

"Naenda kusalimia mama yangu, mama."

"Kusalimia na sufuria?"

Kweli, mdomo wa sufuria ulikuwa unachungulia kwenye leso. Ayuma akaangua kicheko. "Mama, na ile saga huko nyuma kuku wameionja, wakaenda zao!"

"Wewe nyamaza, nenda uchume ingine. Na wewe, kaa chini umpe mtoto titi. Kwani nani alikuambia saga ni ya kuliwa leo?"

Hakuuliza nimepeleka wapi pesa. Nadhani ile nyama alikuwa ameinusa, kama nilivyotaka. Alitoka, akarudi na maganda makavu ya maharagwe, akayachoma mpaka yakawa majivu. Majivu akayatia kwenye mkebe wenye matundu, akamwagia maji, yakadondoka chini mekundu kama chai. Hiyo ndiyo musherekha, chumvi yetu ya zamani. Hulainisha mboga bila tone la mafuta. Tukachemsha saga, tukamwaga yale maji machungu, tukaichemsha tena na musherekha na maziwa ya ng'ombe wake. Akafunika chungu. "Usiguse mpaka kesho. Kila siku pasha moto, ongeza maziwa kidogo. Leo utakula mrenda." Na mrenda uliota wenyewe pembeni mwa mahindi yangu, ambapo nilikuwa naukanyaga kila asubuhi.

Alhamisi ile saga ilikuwa imepoa ukali. Ijumaa ilikuwa tamu. Unga nao alinionyesha kuusonga kidogo kidogo, mboga ijaze sahani, na maziwa ya mtoto yakarudi.

Jumamosi Lumbasi akaja, akala obusuma, ugali wetu, na ile saga mpaka akapangusa bakuli kwa kidole. "Mama, mboga hii umetuletea?"

"Ni ya mke wako hiyo," Rasoa akasema. "Mimi nimekuja kuazima chumvi tu."

Ayuma alitoka nje mbio akacheke huko. Lakini hakuna aliyesema, na Rasoa hakunikumbusha kamwe, hata siku tulizokosana. Miaka yote niliyokaa katika boma hili, ni kwa sababu ya ule uongo wake mdogo. Namshukuru mpaka leo.

Basi, mwanangu, nunua mahindi ya unga kwanza, kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, usagishe, kabla ya kitu chochote cha kuonwa na watu. Kisha omena kidogo, wale dagaa wa ziwani, na mboga za kienyeji, upike chungu kimoja cha siku tatu. Chipsi za barabarani ziache. Na ukikwama, usifunge nguo, mwambie mtu. Na ukimkuta mwenzako amekwama, mpikie, kisha ufunge mdomo.

Mungu akupe unga usiokatika, na mtu wa kuingia kwako bila hodi siku mbaya.

Na wale mliokuwapo Kabras wakati huo, mkisomewa barua hii, kama nimekosea, kama mafiga niliwekewa Jumamosi na si Jumapili, au yale maziwa yalitoka kwa jirani, nirekebisheni. Sitaki kumnyima mtu shukrani yake.