Kichwa Changu Juu ya Ukuta wa Choo

Ndiyo, ni mimi. Yule mama wa kilemba cha manjano kwenye ile video, aliyechomoza kichwa juu ya ukuta wa choo cha watoto wakati dairekta wa shule anahutubia wazazi, ni mimi Mama Neema, na nikiwaambia sikuona haya nitakuwa nawadanganya, kwa sababu niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nisikizeni kwanza, mcheke baadaye.

Tulihama kutoka Kitale baada ya Baba Neema kupata kazi katika ofisi moja katikati ya jiji. Nyumba tulipata haraka, huku mtaani Kabiria, ikabaki shule ya Neema wa gredi ya nne na mdogo wake Joy anayeanza ya kwanza. Bosi wa mume wangu, Bwana Njoroge, akamwambia asihangaike, binti yake anasoma shule moja nzuri sana kule juu ya Kangemi, na yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti wa wazazi, atatuombea nafasi mbili. Baba Neema alirudi nyumbani siku hiyo anang'aa kama bwana harusi. "Jumamosi ni siku ya wageni," akaniambia. "Tafadhali Mama Neema, wewe tabasamu tu."

Tabasamu tu! (Huyu mume ananijua.) Mimi nina jambo langu moja kuhusu shule, na sitamwomba mtu msamaha kwa hilo: mimi huangalia vyoo. Kule Kitale Neema aliwahi kulazwa kwa sababu vyoo vya shule vilikuwa vya kutisha, akawa anajibana kutoka asubuhi mpaka jioni bila kuniambia, nikaja kujua siku alipolia kwa maumivu na joto limempanda na daktari akaniuliza mbele ya watu, "Kwani mama, huyu mtoto akiwa shule huwa anaenda choo kweli?"  Nikaapa sitaulizwa swali hilo tena.

Basi Jumamosi dairekta, mama mrefu mwenye sauti tamu, akatutembeza sisi na watoto wetu. Tukaonyeshwa kompyuta, tukaonyeshwa piano, tukaonyeshwa basi jipya, tukaonyeshwa mpaka mahali ambapo bwawa la kuogelea litachimbwa Mungu akipenda. Nikainua mkono.

"Na vyoo, madam?"

"Tutafika, mama."

Hatukufika. Nikauliza tena, Baba Neema akanifinya mkono, Bwana Njoroge akageuka kunitazama kutoka kilemba mpaka viatu. Kwa hivyo nikasema nimebanwa. Huo ndio uamuzi wangu wote, uamuzi mdogo kabisa. Nikaelekezwa choo cha wageni, kina vigae vyeupe na maua (maua ya ukweli, si ya plastiki!), nikakipita bila hata kugusa mlango, nikazunguka nyuma ya jengo mpaka vya watoto.

Nilikuta mama wa usafi ndiyo kwanza ametoka na ndoo zake, mlango ameuacha wazi, nikaingia. Pipa la maji halina hata tone. Mfereji nao ukifungua unakohoa tu. Kabla sijamaliza kuangalia nikasikia nyayo zinarudi, na hapo ndipo ningesema tu "niko hapa" mambo yaishe, lakini nani anataka kukutwa akinusanusa vyoo vya watoto wa watu? Nikajibanza ukutani, kimya. Mlango ukavutwa. Kufuli ikapigwa kwa nje: ka!

Nikampigia Baba Neema. Simu imezimwa, ati isije ikalia mbele ya bosi. Nikagonga mlango, na nje spika nazo zimeanza kupiga muziki. Sasa ule ukuta wa nyuma ulikuwa haufiki kwenye mabati, kumeachwa nafasi ya hewa, na ng'ambo yake ni uwanja. Nikapindua lile pipa, nikapanda na sketi yangu ya kanisani, nia yangu ikiwa nimpungie mume wangu mkono polepole bila mtu mwingine kuona.

Kumbe jukwaa wameliweka hapo hapo chini yangu! Wazazi wote wameketi wakinielekea. "Hapa," dairekta anasema kwenye maikrofoni, "mtoto wako atajisikia yuko nyumbani," na mimi huyo, nikachomoza.

 Simu zikainuliwa. Baba Neema akanitazama, akatazama viatu vyake, akanikana kama Petro, na pengine angefaulu kama si Joy kupanda juu ya kiti na kupiga kelele, "Daddy, ona mama! Mama yuko juu ya choo!"

Dairekta akageuka, maikrofoni bado mkononi. "Mama! Unafanya nini huko?"

"Nimefungiwa, madam."

"Lakini hivyo ni vya watoto! Siku ya wageni tunavifunga vikae safi!"

Nawaambia, mpaka hapo nilikuwa tayari kuomba radhi. Lakini maneno hayo yalinifanya nisahau watu, nisahau video, nisahau hata bosi.

"Na watoto wanaenda wapi?"

Maikrofoni ililibeba hilo swali uwanja mzima. Dairekta akasema watoto wake wana nidhamu. Pembeni kwaya ilikuwa imesimama tangu asubuhi ikingoja kuimba, wasichana wadogo wa soksi nyeupe, na mmoja wao, binti wa Bwana Njoroge mwenyewe, akasema, wala hakupaza sauti, "Daddy, sisi siku ya wageni huwa hatunywi maji."

Bwana Njoroge akainuka kwenye kiti chake.

Mama wa usafi alikuwa ameondoka na funguo, kwa hivyo kufuli ikavunjwa kwa jiwe. Nikashuka kwenye pipa vibaya, sketi ikararuka mpaka pajani, mlango ukafunguka, nikafumba macho kwa aibu, na nilipoyafumbua hakuna aliyekuwa akinitazama tena, kwa sababu kwaya yote ilikuwa inanipita mbio kuingia ndani.

Nafasi hatukupewa, bila shaka. Tulipofika Kabiria Baba Neema akanigeukia. "Si ungeuliza tu," akasema.

"Niliuliza mara mbili. Ulinifinya."

 Jumatatu akaenda kazini kama mtu anayeenda kuzikwa, akarudi jioni ananiangalia kwa jicho jingine. Bwana Njoroge amemwuliza sisi tunapeleka watoto shule gani.

Tunapeleka hapa karibu, shule ya madarasa ya mabati, haina piano. Nilipouliza habari ya vyoo, mwalimu mkuu alicheka akasema, "Twende uone, lakini saa hii ni mapumziko, utapata foleni." Foleni! Nikalipa siku hiyo hiyo.

Sasa mtaani naitwa Mama Choo, na ninaitika. Juzi jirani yangu, aliyeicheka ile video kuliko wote, alikuja kuniomba nimsindikize shule anayotaka kumpeleka kijana wake. Nikamwambia nitaenda, wala sitaogopa dairekta yeyote, ila tuelewane mapema: kuingia ataingia yeye. Mimi nitashika mlango.