Nilivyoomba Kazi Kwenye Handaki la Kilimani

Nichekeni kidogo tu, tafadhali. Kenya nilisimamia vibarua waliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Tulipohamia London nikakosa kazi, vyeti nikawa natembea navyo mfukoni kila siku.

Jumapili moja mimi na mke wangu Zarina tulipanda kilima, nikaona tuta na handaki vimekizunguka chote. Kazi safi ajabu! Nikamwendea mzungu aliyekuwa akipima kwa kamba, nikavua kofia, nikamkabidhi vyeti.

“Nipeleke kwa msimamizi wenu. Bingwa kama huyo nitamfanyia kazi hata bure.”

Akanitazama kwa huruma. “Hii ni ngome ya kale ya udongo, bwana. Ilichimbwa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.”

Zarina akachukua vyeti vyangu taratibu.

“Twende, Baba Karim. Msimamizi leo hayupo.”