Wimbo Uliofutwa Usevya

Watu wa sinema waliokuja Usevya kupiga picha za mavuno walikuwa na mashine yenye njia mbili tu za sauti. Moja ilibeba maelezo, nyingine wimbo wa wavunaji. Bwana shamba akataka na hotuba yake iingie.

“Basi wimbo ufutwe,” alisema fundi, kidole kwenye kitufe.

Mama mmoja akamshika mkono. “Baba, anayeimba ni mume wangu. Tumemzika juzi.”

Fundi akamtazama bwana shamba. “Futa,” akaambiwa.

Sinema ilipoonyeshwa ukumbini, tulimwona marehemu akifungua kinywa, ikatoka hotuba ya mbolea. Hakuna aliyecheka. Mjane akasimama, akaimba akifuata midomo ya mumewe, nasi tukaitikia kwa nguvu. Mpaka leo sijui mbolea ile iwekwe lini.