Shemeji Lempi na Mgonjwa Asiyelazwa

Hili hamtaliamini, wala siwalaumu. Nimemwona mtu kitandani hospitalini, kavaa gauni lao lililo wazi mgongoni, sindano mkononi, na kumbe hajalazwa. Mtu huyo ni kaka yangu Eino. Aliyegundua ni mkewe, shemeji yangu Lempi, dereva mstaafu wa basi la shule, mwanamke aliyeshindana na theluji ya Minnesota mpaka theluji ikamwomba radhi.

Eino aliteleza kwenye ngazi ya sauna, kile chumba chetu cha kuoga mvuke, mfupa wa nyonga ukapata ufa. Si wa kupasuliwa, ila kusimama hawezi. Asubuhi nikamkuta shemeji kando ya kitanda, hata koti hajavua.

"Kaa, shemeji. Mzee kashalazwa, bima ya wazee italipa."

"Nani kakwambia kalazwa?"

"Si huyo hapo, kalala."

"Onni, wewe unalala kanisani kila Jumapili, na hakuna aliyekufanya mchungaji."

Akanieleza. Bima ile ina mafungu mawili: moja la waliolazwa, jingine la wanaotibiwa na kurudi kwao. Eino alikuwa "anaangaliwa" tu, yaani kwenye fungu la pili, kama aliyekuja kupima presha.

"Asipotimiza siku tatu za kulazwa, hawamlipii nyumba ya kufundishwa kutembea upya. Na chumba chetu kiko ghorofani. Nimbebe mgongoni?"

"Nitambeba mimi."

"Wewe gunia la viazi tu unaliitia majirani."

"Sasa kwa nini wasimlaze?"

"Walimuuliza anajisikiaje. Unajua kajibu nini."

Nilijua. Sisi watu wa huku hata mguu ukikatika tutasema si mbaya. Muuguzi kamuuliza, si mbaya. Daktari kamuuliza kama anaweza kutembea, akasema akijikaza. Basi, wakaamini.

Daktari akaingia, kijana mwenye haraka.

"Mwanangu," Lempi akamwambia, "muulize tena, mbele yangu."

"Mzee, unajisikiaje leo?"

"Ah, si mba..."

"Eino."

Hilo tu. Ni sauti iliyokuwa ikikalisha watoto wa viti vya nyuma bila yeye kugeuza shingo. Kaka yangu akatazama dari.

"Inauma," akasema polepole. "Nikigeuka naona giza. Usiku nilishindwa kwenda chooni, nikaona haya kusema."

Nimekua na mtu huyu, na neno "inauma" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Lempi akamshika mkono. Daktari akaita wauguzi wawili, wakajaribu kumsimamisha, magoti yakakataa.

"Huyu ataenda nyumbani kesho?" shemeji akauliza.

"Hapana. Atahitaji siku kadhaa."

"Basi mlaze, kuanzia sasa. Usiku wa jana umeshapotea. Wa leo siutoi."

Daktari akamlaza, papo hapo. Siku zikatimia, Eino akapelekwa kufundishwa kutembea, na theluji ilipoyeyuka alipanda kwenda chumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe, Lempi akimfuata nyuma, mikono mifukoni, kidevu juu.

Naandika haya jikoni kwake, naye ananimiminia kahawa huku akisoma juu ya bega langu. Andikeni popote kwamba ni shemeji yangu. Maana siku ile madaktari wote wa wilaya walijipanga koridoni, wakavua kofia, na mkuu wa hospitali akapiga goti mbele yake akasema...

"Onni, alikuwa daktari mmoja, na kofia hakuwa nayo."