Siku Valvu Yangu Ilipofukuza Ng'ombe wa Mahari

Mpaka leo pale Manyoni kuna watu wakiniona hawaniamkii kama watu wengine, wananipulizia hewa tu, pshhhh, halafu wanacheka mpaka wanashika kuta, na mimi nimeshachoka kukasirika, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu wa kuongeza chumvi (ingawa sidhani kama imebaki nafasi ya kuongeza). Aibu ile niliitengeneza kwa mikono yangu miwili na spana namba kumi.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, magari yaliyotumika Japani yameanza kufika mpaka kwetu, nami nilikuwa na gereji ndogo kando ya barabara ya Itigi. Shule niliiacha darasa la sita wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu, na anayenifuata ni Roda. Sasa Roda alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kilimatinde, na Jumamosi ile ndugu zake walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari. Baba hayupo, kwa hiyo wa kukaa kwenye kigoda mlangoni na kuwapokea ni mimi. Shangazi Yunisi alinishika sikio kabisa, kama mtoto.

"Isaya, kesho usikanyage gereji. Wakikuta kigoda kitupu watasema nyumba hii haina mwenyewe."

"Shangazi, mpaka saa nne nitakuwa nimeshakaa."

Tatizo ni kwamba gereji kulikuwa na gari la Salimu, mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti. Jekundu, milango miwili, limekaa chini kama kenge, la zamani kidogo lakini lina tabo, ile pangaboi inayoshindilia hewa kwenye injini ili gari likimbie. Ukiachia mafuta, hewa iliyoshindiliwa lazima ipate pa kutokea, na valvu yake ya kiwandani ilikuwa inairudisha ndani kimya kimya. Salimu hakutaka kimya. Alikuwa ameagiza valvu ya Dubai inayotupa hewa nje kwa kelele, inang'aa kama kombe la mpira.

"Fundi, nataka nikibadilisha gia, mji mzima ujue."

Asubuhi ile niliifunga. Tundu la zamani nikaliziba kwa kipande cha mti nilichokivisha mpira wa tyubu, nikawasha, nikakanyaga, nikaachia: pss. Kasauti ka mtu anayemwita mhudumu. Juu ya valvu kulikuwa na skrubu ya kukaza springi, nikailegeza nusu mzunguko, ikawa nzuri. Ningeishia hapo leo msingenicheka. Nikailegeza mizunguko miwili mingine.

Halafu nikatazama saa, ikawa imeshapita saa nne, nikajiambia gari lazima lijaribiwe barabarani (kweli), na barabara ya kwenda nyumbani ni barabara kama nyingine (kweli pia), na wakwe wakimwona kaka wa Roda anashuka kwenye gari lile, hakuna atakayewaita wadogo zangu yatima tena. Nikavaa koti la suti juu ya nguo za kazi, nikaondoka.

Jamani, raha! Kila nikibadilisha gia, pshhhh! Akina mama wa sokoni wanaruka, wanatukana, wanacheka. Nilijiona waziri.

Nikakata kona ya nyumbani, na mbele yangu ndio hao wageni, wazee na fimbo zao, akina mama wanaimba, na ng'ombe wa kwanza, jike jeupe la pembe ndefu, pua imeshaingia kwenye ua wetu. Nikaona nipunguze mwendo kwa heshima. Nikaachia mafuta.

PSHHHHHH!

Ng'ombe wa kwetu sauti ile wanaijua, ni ya bafe akivimba kwenye majani, yule nyoka mnene asiyetoa nafasi ya pili. Jike jeupe liligeuka mlangoni palepale, wenzake wakageuka nalo, wote wakatimka shambani kwa jirani kati ya alizeti. Na mimi, badala ya kuzima gari nikimbie kwa miguu kama mtu mwenye akili, nikawafukuzia kwa gari ili niwarudishe! Kila nikiachia mafuta, pshhhh, wanaongeza mbio. Nikampita mzee mmoja anahema na fimbo yake, baba mkubwa wa bwana harusi, Mzee Yohana, na kwa kuwa nimelelewa vizuri nikatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Ng'ombe wangu wanakwenda wapi?"

Nikakanyaga breki, valvu ikapiga kelele ya mwisho, na gari likazimika (kompyuta yake ilikuwa bado inamwaga mafuta kwa hesabu ya hewa niliyokwisha kuitupa nje). Kimya. Nikasikia mgeni mmoja anauliza, "Yule kichaa ni nani?" na Shangazi Yunisi akajibu bila huruma, "Ndiye baba wa bi harusi."

Hapo mzaha ukaisha, maana kwa wazee wale ng'ombe wa mahari akigeukia mlangoni ni kama nyumba imemkataa. Mzee Yohana alikung'uta vumbi kwenye kofia. "Tutarudi nyumbani," alisema. "Baada ya mavuno tutazungumza tena, kama kutakuwa na la kuzungumza." Nikapiga magoti kwenye alizeti na koti langu la suti.

Ndipo tukasikia mluzi. Roda, ambaye siku ile hakutakiwa hata kuchungulia dirishani, ametoka nje na kanga kichwani, anapiga mluzi wa kuitia ng'ombe jioni, mrefu, unashuka taratibu. Alichunga miaka mingi ili wadogo zetu wasome. Jike jeupe likainua kichwa. Roda akageuka akatembea kuelekea uani bila kutazama nyuma, nalo likamfuata, na wengine wote nyuma yake, wakaingia mmoja mmoja.

"Nyumba haijawakataa, baba," akasema mlangoni. "Ni kaka yangu tu na makelele yake."

Mzee Yohana alimtazama, akawatazama ng'ombe, halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Huyu tukimwacha hapa tutakuwa wajinga. Lakini kaka mtu lazima apigwe faini."

"Faini gani, mzee?"

"Nipandishe humo. Lifanye tena."

Salimu alitukuta njiani kuelekea relini, yuko juu ya baiskeli ya kuazima analitafuta gari lake, na ndani ameketi mzee na fimbo imetokeza dirishani, anapaza sauti, "Tena, mkwe! Tena!"

Valvu niliikaza siku ileile, na gari la mteja sijapeleka nyumbani kwangu tena wala sitapeleka. Nilitaka wakwe watuone sisi ni watu, na wao walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka Kilimatinde kwa sababu walishatuona hivyo. Siku ya harusi nilimpeleka Roda kanisani kwa miguu, nimemshika mkono, vumbi limetujaa mpaka magotini, na njia nzima alinicheka.