Mguu Ulioitwa Nyumbani

Ripeka alipozinduka baada ya kukatwa mguu hakulia. Alimwuliza muuguzi jambo moja tu: "Mguu wangu mmeuweka wapi?"

Kisukari kilikuwa kimemla miaka mingi. Alikuwa dada yangu, binti wa mama mkubwa, na kondo lake la nyuma lilizikwa hapa hapa Waikopae, kwenye mteremko juu ya mto. Ujana wake uliishia katika banda la kukatia kondoo manyoya, akichambua sufu. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kuita. Kwenye marae, uwanja wa ukoo wetu sisi Wamaori, wenye nyumba ya wahenga, mgeni haingii mpaka mwanamke amwite kwa sauti. Maiti pia haingii. Mama yake alimfundisha mtoni, wakisuuza nguo, mpaka watu wa ng'ambo wakageuka kutazama. Wafu wote wa bonde hili tangu miaka ile waliingia kwa sauti ya Ripeka.

Siku hizi vijana wa kliniki wanakuja na picha ya nyumba yenye kuta nne, kutufundisha afya ya Wamaori: mwili, akili, roho, ndugu. Picha ni nzuri. Hawasemi tu kwamba ukuta wa ndugu umehamia Australia.

Hospitali walitukabidhi mguu ndani ya boksi, maana walijua hatuachi kiungo cha mtu kitupwe. Kiungo kinalala makaburini na wazee, kikimsubiri mwenyewe. Terina, binti wa kaka yake Ripeka, alikuwa amekuja kutoka Brisbane, huko huko Australia, kumwuguza. Ndiye mwanamke pekee wa ukoo aliyekuwa na nguvu za kusimama.

"Utaita wewe," Ripeka alimwambia.

"Shangazi, mimi hata kuimba bafuni naona haya. Si tuingie tu? Ni mguu, si gavana."

"Gavana namwacha langoni mpaka kesho. Mguu wangu siuachi."

"Basi aite baba mdogo. Si amemaliza vitabu vyote huyu?"

Ripeka alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Huyu? Akiita huyu, wafu watahama."

Maneno yote ninayo, nimeyatafuta maisha yangu yote. Ila koo langu ni la mwanamume, na mwito huo si wetu.

Basi nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi barazani, mbele ya nyumba ya wahenga. Terina alisimama langoni na boksi mikononi. Ripeka akauita mguu wake mwenyewe. Sauti ilianza ikitetemeka, kisha ikapanda, ikamtaja mama yake, ikawataja wafu wa kila upande wa mto. Upande wa langoni alipaswa kujibu mwanamke mwingine. Terina alikuwa akilia tu. Hakuna aliyejibu.

Makaburini, Tamihana, mchimbaji wetu, alikuwa amechimba kama alivyozoea.

"Wee Tamihana, shimo lote hilo la nini?" Ripeka alimwambia. "Sijaja mzima!"

Tulicheka, tukafukia, tukanawa maji langoni. Hapo Terina akasema, "Nifundishe, shangazi."

Akamfundisha. Kila asubuhi nilimsikia msichana akipasua sauti mtoni, na Ripeka akimkaripia kutoka kitini: "Unaita mtu au unafukuza kuku?" Sauti ilikuwa imeanza kushika pale mwajiri wake alipompigia simu kutoka Brisbane. Arudi kazini au nafasi apewe mwingine.

"Nitarudi Krismasi, tutamalizia," alisema.

Ripeka alimjibu, "Mimi na Krismasi hatujaahidiana."

Alikufa kabla baridi haijaisha. Kidonda hakikumwua. Tangu gari la Terina lilipopinda kona alikula kama anayetimiza amri.

Terina alikuja kwa ndege. Mvua ilikuwa inanyesha tulipomfikisha Ripeka langoni. Barazani, mahali pa mwitaji, alisimama Terina peke yake amevaa nguo nyeusi. Alifumbua kinywa. Kilitoka kitu kama kikohozi, kikakatika. Alijaribu tena, akajishika shingo. Tulisubiri mpaka jeneza likaanza kuchuruzika maji. Dereva wa gari la maiti alikuwa akitazama saa yake.

Mwishowe Tamihana akasema, "Twendeni."

Mguu wake ulikuwa umeingia kwa mwito. Yeye tulimwingiza kimya, kama watu wanaohamisha kabati.